Mazengo, Anza na Godoro

Mazengo mwanangu,

Marahaba. Picha ya sofa kitanda uliyonitumia nimeiona, na mchoro wako wa ile ya mteja wa Iyumbu nao nimeuona. Baba yako kautazama akasema bawaba umezipanga vizuri. Mimi nimelitafuta godoro kwenye ule mchoro, sijaliona. Umeandika "sponji" pembeni kwa herufi ndogo, basi. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia, maana kwenye simu utasema "sawa mama", kisha utarudi kukata mbao.

Wewe huko Keko, Dar, sofa hizi unaziona zikiwa mpya. Mimi hapa Majengo, Dodoma, naletewa zikishakufa. Watumishi wa Serikali walipoanza kuhamia Dodoma baada ya 2016, wengi walianza na chumba na sebule, Nkuhungu au Ipagala, familia zikabaki Dar. Kila mwenye sebule ndogo akataka kochi ambalo mgeni akija linageuka kitanda. Wakanunua. Sasa wananiletea nibadilishe kitambaa, na nikishang'oa pini za stepla nikafunua, ugonjwa ni uleule: katikati. Ama chaga zimekatika katikati, ama vyuma vimepinda katikati, ama sponji imekwisha katikati, pale kiuno kinapokaa. Pembeni sponji bado inadunda, lakini pale katikati ukiishika inabaki mkononi kama pumba.

Usiseme hiyo ni bidhaa ya bei rahisi. Hata za bei mbaya zinafia hapohapo.

Kukunja kitanda hakujawahi kuwa kazi ngumu sana. Howard Carter alipolifikia kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, mwaka 1922, miongoni mwa vitu vilivyokuwamo ni kitanda cha safari cha mbao kinachokunjwa pande tatu kama herufi Z, chenye bawaba za shaba nyeusi. Mfalme huyo alikufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Kwa hiyo bawaba zako nzuri, mwanangu, zina wakubwa zake. Ninachompendea fundi yule wa Misri ni kwamba sehemu ya kati aliiwekea miguu yake, hakuiacha ining'inie kwenye bawaba. (Bibi yako naye pale kwenye tembe alikunja kitanda kila asubuhi. Kilikuwa ngozi ya ng'ombe, na hakuna siku ilipokatika katikati.)

Kuna mama mmoja nataka umjue vizuri, kwa sababu ndiye aliyeiandika shida hii kwenye karatasi kabla yetu. Anaitwa Sarah Goode. Alikuwa Mmarekani mweusi, mwenye duka la samani mjini Chicago. Tarehe 14 Julai 1885 alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, ya kitanda cha kabati: mchana ni meza ya kuandikia yenye visanduku vya karatasi na kalamu, usiku kinafunguka kuwa kitanda. Ni miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza Marekani kupata hataza. Wanaomsimulia huishia hapo, kwenye sifa ya kuwa wa kwanza. Mimi nakwenda kwenye kazi yenyewe. Kwenye maelezo yake alitaja mambo aliyotaka kuyatatua. Alitaka uzito wa vipande usawazishwe ili mtu ainue bila kuhangaika. Alitaka vipande vikishafunguliwa vishike, visicheze. Na alitaka kuwe na tegemeo linalojiweka lenyewe katikati ya kitanda kinapofunguliwa. Umesoma hapo? Katikati. Mwaka 1885. Na mpaka leo naletewa makochi ambayo aliyeyatengeneza hakulifikiria hilo.

Aliyelifanya sofa kitanda kuwa kitu cha kila nyumba huko Marekani ni Bernard Castro, mhamiaji kutoka Sicily, fundi wa kushona makochi kama mimi. Alianzisha biashara yake New York mwaka 1931, mji ambao watu walikuwa wanabanana kwenye vyumba vidogo. Mwaka 1948, televisheni ikiwa bado ngeni, alitangaza kwa kumwonyesha binti yake Bernadette, mtoto wa miaka 4, akilifungua kochi peke yake. Biashara ikapaa. Ni tangazo la akili, silikatai. Lakini nadhani ndilo lililowafundisha wauzaji wote duniani kuonyesha kufungua tu. Ingia duka lolote la samani hapa mjini, kijana atakuvutia kochi kwa mkono mmoja, pap, kitanda. Mwambie unataka kulala juu yake robo saa uone sura yake.

Sasa chukua penseli. Kiti cha kochi kina kimo cha inchi 18 kutoka chini. Mto wa kukalia toa inchi 6, zinabaki 12. Nafasi ya chini ili fagio lipite na kochi lisiburuze, toa 2. Vyuma vya kukunjia, toa 2 nyingine. Umebakiwa na inchi 8, na ndani yake godoro linaingia likiwa limekunjwa tabaka mbili. Inchi 4. Hapo ndipo godoro la sofa kitanda la kuvuta linapotoka. Hakuna aliyelipenda liwe jembamba, hesabu ya kiti ndiyo imelibana. Ndiyo maana mtu mzima akilalia anahisi kile chuma cha mgongoni, anaamka anatembea ameshika kiuno.

Historia yote ya haya makochi, ukiitazama kwa macho ya mshonaji, ni watu kuhangaika na zile inchi 8. William Murphy wa San Francisco, mwanzoni mwa miaka ya 1900, alizikwepa kabisa: alikisimamisha kitanda kizima ukutani, godoro lisikunjwe. Dawa nzuri hiyo, kama ukuta ni wako. Mwenye nyumba wa Dodoma anakukataza hata kupigilia msumari wa kalenda.

Njia nyingine ilikuja na sponji. Mjerumani Otto Bayer na wenzake walivumbua poliurethani mwaka 1937, na miaka ya 1950 sponji laini ya aina hiyo ikaanza kuenea kwenye samani. Waitaliano walikuwa tayari wanafanya majaribio na sponji ya mpira. Kampuni ya Arflex ilitoa sofa kitanda la Marco Zanuso mwaka 1954, likaitwa Sleep-o-matic. Sponji ikishakuwa na nguvu ya kutosha, huhitaji tena mto wa kukalia juu na godoro jingine limefichwa chini. Kile unachokikalia ndicho unachokilalia. Rudia hesabu yako: inchi 6 za mto zimeingia kwenye godoro.

Cini Boeri, mwanamke wa Milano, alilipeleka jambo hilo mbali zaidi kwenye makochi yake ya Strips, yaliyopata tuzo ya Compasso d'Oro mwaka 1979. Kava lake ni kama shuka nene lililotiwa pamba, lina zipu. Unakaa juu yake mchana, usiku kwenye lile la kulalia unafungua zipu unaingia ndani, limekuwa blanketi lako. Mimi zipu naziweka kila siku na sikuwahi kuiwazia kazi hiyo. Kwangu yeye amewazidi wanaume wote niliowataja, kwa sababu alikumbuka kuwa kitanda kina shuka, na shuka linahitaji mahali pa kukaa mchana. Wewe kwenye mchoro wako shuka la mgeni linakaa wapi? Juu ya kabati, kwenye mfuko wa rambo?

Kochi la aina ya tatu unalijua, limejaa maduka yote, Wafaransa huliita clic-clac. Unainua kiti mpaka kilie, unaachia, mgongo unalala chini. Halikunji godoro, kwa hiyo unene si shida, na chini lina sanduku la kuwekea mablanketi. Ubaya wake ni ule mfereji kati ya kiti na mgongo, unaokwenda na urefu wa mtu. Mtu mmoja atausogelea pembeni. Wawili, kila mmoja anakaa na upande wake kama wamegombana.

Kwa mteja wako wa Iyumbu, kwa chumba alichokueleza, ningekwambia achana na la kuvuta. Fanya kiti chenyewe kiwe godoro, vipande viwili vinavyofunguka kwenda mbele, na kile cha mbele kiwe na miguu yake inayoshuka yenyewe. Panapokutana vipande weka mguu mwingine, sikubali bawaba ibebe mtu. Chaga zako ziwe karibu karibu, nafasi isizidi upana wa vidole vitatu, usije ukatutengenezea teremka-tukaze yenye kitambaa cha velveti. Sponji usinunue kwa unene tu. Uliza uzito wake kwa mita ya ujazo. Ile ya kilo 18 iweke mgongoni, ya kulalia tafuta inayokaribia kilo 30. Muuzaji akikuona hujui atakupa nyepesi kwa bei ya nzito, na kwa macho zote ni sponji.

Bawaba usizipake grisi. Najua huko Keko mnapaka. Hapa upepo wa Agosti unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa, na vumbi likikutana na grisi linakuwa msasa, linakula pini kimyakimya. Sugua mshumaa. Mbao nazo zikauke hasa kabla hujaunga, kwa sababu huu mji mvua yake ni ya msimu mmoja, ukiunga mbao mbichi ifikapo Septemba maungio yanaachia na kochi linaanza kulia kila mtu akigeuka.

Kava liwe la zipu, la kuvuliwa lote. Hilo nishonee mimi, lakini acha nafasi. Mafundi wengi wanapigilia kitambaa chote kwa stepla, kunguni wakiingia kwenye mshono hakuna pa kuwatolea, na kochi la kulala wageni haliwezi kukosa kunguni siku moja. Afadhali livuliwe lichemshwe.

Kama bado unaona nakuzidishia maneno, ukija usipande treni ya umeme. Panda ile ya zamani ya reli ya kati, daraja la pili kulala. Zile siti ndizo sofa kitanda la kwanza nililolilalia. Mchana mnakaa mmeegemea, usiku kile cha kuegemea kinainuliwa kinafungwa, kinakuwa kitanda cha kati, watu sita chumba kimoja. Wazo la kiti cha behewa kugeuka kitanda ni la zamani: George Pullman wa Chicago alichukua hataza zake 1864 na 1865, viti viwili vinavyotazamana vinavutwa vinakutana kuwa kitanda cha chini, na cha juu kinashushwa kutoka ukutani. Ya kwetu haitoki kwake moja kwa moja, lakini akili ni ileile. Nenda na futi yako. Pima unene wa kile cha kati, tazama kinavyoshikwa pande zote mbili, hesabu minyororo, piga picha ya bawaba.

Na kabla hujakata ubao mmoja, mpigie mteja umuulize atakayelala hapo ni nani. Kama ni shemeji wa siku mbili, mchoro wako na marekebisho haya unatosha. Kama ni mtoto wa shule atakayelala hapo kila siku mpaka amalize, niambie mapema, tutengeneze kitanda cha kawaida chenye mito ya mgongo, na bei umpunguzie.

Baba yako anasema umrudishie randa yake.

Mama yako