Wifi yangu, na wale ni watoto wa kusomeshwa

Wifi yangu,

Nisalimie kaka na watoto. Bibi mwambie dawa zake nimeshampa mtu anayekuja huko mwezi ujao.

Swali lako nililisoma kwenye kundi la ukoo. Uliiona picha niliyotuma, nimesimama mbele ya ukuta uliojaa michoro, ukauliza: hela ya kuwasomesha mabinti wa Kimeksiko wa Chicago imepatikana, na wetu wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa michango wana nani? Najua hukuuliza kwa ubaya. Wewe ni mwalimu, unawaona kila Januari wakikaa chini ya mwembe na madaftari yao. Nimeona nikujibu kwa kirefu na hadharani, maana wengi tulioko huku tunaulizwa hivyohivyo, na wengi tunanyamaza.

Kwanza ujue mtaa wenyewe. Unaitwa Pilsen, hauko mbali na katikati ya jiji la Chicago. Waliotangulia kuishi hapo walikuwa Wacheki, wakaupa jina la mji wao. Wameksiko walizidi kuja miaka ya 1960, na si wote waliokuja kwa kupenda. Wengi walikuwa wakiishi kaskazini kidogo ya hapo, kwenye eneo ambalo nyumba zilibomolewa ili kijengwe chuo kikuu, hiki kinachoitwa leo University of Illinois Chicago. Kampasi ikafunguliwa mwaka 1965. Waitaliano, Wagiriki na Wameksiko waliokuwa majirani hapo wakatawanyika, na Wameksiko wengi wakateremka hadi Barabara ya 18, katikati ya Pilsen. Leo wajukuu wa waliobomolewa nyumba wanaomba nafasi kwenye chuo hichohicho, na wengine wanapata nafasi halafu gharama zinawashinda. Hilo peke yake lilinitosha kutoa mkono mfukoni.

Halafu ni mtaa wa watu wasiosubiri kuletewa. Sekondari yao haikuwako, watoto walilazimika kwenda mitaa ya mbali na wengi wakaacha shule njiani. Kina mama na majirani zao wakapigania miaka kadhaa, na mwaka 1977 sekondari ya Benito Juarez ikafunguliwa. Mwaka 1982 kikundi kidogo cha walimu, wenzako hao, wakiongozwa na Carlos Tortolero, walianzisha makumbusho ya sanaa wakiwa na dola 900 tu. Yalifunguliwa mwaka 1987 ndani ya bustani ya mtaa, sasa yanaitwa National Museum of Mexican Art, na mpaka leo kuingia ni bure. Ningekuwa na uwezo ningekuleta na darasa lako zima mje kuyaona.

Maonyesho uliyoyaona kwenye picha, ya kuuza michoro ili kuchangia masomo ya mabinti wa mtaa, hayakuwa huko makumbusho. Yalikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, yameandaliwa na kina mama wa mtaa, wengi wao wafanya usafi, wapishi na wauguzi wasaidizi. Aliyenialika ni mwenzangu wa kazini. Viti vya kukunja vilikuwa vimesukumwa pembeni, michoro imening'inizwa kwa nyuzi za uvuvi kutoka kwenye bomba la dari, na mezani kulikuwa na tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye ganda la hindi ukapikwa kwa mvuke, kwenye sufuria kubwa, juisi ya ukwaju na juisi ya rozela. Ndiyo, wifi, rozela hiihii, na ukwaju huuhuu. Nilikunywa mpaka nikaona haya.

Mchoro nilionunua nitakueleza vizuri. Ni mikono miwili ya mwanamke mtu mzima, inafunga unga wa mahindi ndani ya ganda la hindi. Msanii ameuchonga kwenye kipande cha linoliamu, lile tandiko la sakafuni, akapaka wino mweusi, akakandamizia karatasi. Ukikaribia unaona kila mstari wa kisu: mishipa ya mkono, kovu la kuungua karibu na kidole gumba, pete iliyobana. Chini pembeni pameandikwa kwa penseli 7/30, maana yake hii ni ya saba kati ya nakala thelathini. Ndiyo siri ya maonyesho ya namna hii. Mchoro wa rangi za mafuta ni mmoja tu na bei yake haishikiki, lakini chapa zinatoka nyingi, na mfanya usafi anaweza kwenda na moja nyumbani kwake. Tangu miaka ya 1970 wasanii wa Kimeksiko na Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wa Marekani wameipenda sana kazi ya kuchapa kwa sababu hiyohiyo: sanaa ifike kwa watu. Kule Los Angeles kuna Self Help Graphics, iliyoanzishwa na mtawa wa Kifransisko, Sista Karen Boccalero, pamoja na wasanii wenzake, ikianzia gereji. Imelea wachapaji vizazi na vizazi.

Sasa hela. Najua hapa ndipo unaposikiliza kwa makini.

Kila mchoro ukiuzwa, nusu ya bei anachukua msanii, nusu inaingia kwenye mfuko wa ufadhili. Mwanzoni nilidhani msanii angetoa yote, si ni sadaka? Mwenzangu akanieleza. Wasanii kila wiki wanaombwa watoe kazi zao bure kwa mnada wa huyu na hafla ya yule. Na sheria ya kodi ya Marekani, tangu mwaka 1969, inamruhusu msanii anayetoa kazi yake mwenyewe kudai nafuu ya gharama ya vifaa tu: karatasi, wino, turubai. Tajiri akinunua mchoro uleule, akakaa nao miaka, akaupa makumbusho, anaweza kudai thamani yake sokoni. Mimi naona ni uonevu, na nimefurahi kina mama wale wameukataa kwa namna yao. Wasanii wengi pale ni wanawake wa mtaani wanaolipa pango linalopanda kila mwaka. Huwezi kumsomesha binti mmoja kwa kumnyang'anya mwanamke mwingine chakula chake.

Jambo la pili limenigusa zaidi. Nimeshahudhuria hafla za michango ambapo msichana anasimamishwa jukwaani, anapewa kipaza sauti, anaambiwa asimulie baba alivyowatoroka na walivyolala njaa, huku watu wanakula. Akilia, bahasha zinajaa. Nimechukia hafla hizo tangu zamani. Hapa hakuna binti aliyesimamishwa. Barua zao za maombi zilisomwa na kamati ya watu wachache na zikabaki hukohuko. Usiku ule mabinti walikuwepo, lakini walikuwa wanabandika vibandiko vyekundu kwenye michoro iliyouzwa, wanapokea hela, wanabishana nani aweke muziki. Mmoja alikuwa na mchoro wake ukutani, na umeuzwa.

Na wana mtindo ambao ungeupenda. Kwao binti akitimiza miaka kumi na mitano hufanyiwa sherehe kubwa, quinceañera, karibu na harusi. Gharama hazibebwi na wazazi peke yao. Kila kitu kinapata mdhamini: fulani ndiye wa keki, fulani wa gauni, fulani wa ukumbi, fulani wa muziki. Mdhamini mwanamume ni padrino, mwanamke ni madrina, na ni heshima inayokaa, mtoto atakuamkia kwa jina hilo maisha yake yote. Kina mama wakauchukua utaratibu huo wakaupeleka chuoni. Kando ya michoro walibandika karatasi yenye mistari: wa vitabu, wa nauli ya treni ya muhula, wa kompyuta, wa miwani. Unaandika jina lako kwenye mstari. Mimi ni wa nauli. Ni hela ya kawaida, lakini binti huyo namjua kwa sura, na nikikutana naye stesheni ananiita madrina mbele za watu.

Utauliza, serikali yao tajiri hiyo haisaidii? Inasaidia, kwa wanaostahili. Kuna ruzuku ya Pell, si mkopo, hairudishwi, na kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395. Ila haimfikii binti asiye na makaratasi ya kuishi nchini kihalali. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto wa namna hiyo asinyimwe shule ya umma, kwa hiyo anasoma bure mpaka amalize sekondari. Siku akitaka chuo, mlango wa fedha za serikali kuu umefungwa. Illinois ina huruma kuliko majimbo mengi: tangu 2003 inawaruhusu wengi wao kulipa ada nafuu ya wakazi wa jimbo kwenye vyuo vya umma, na tangu 2020 wanaweza kuomba msaada wa fedha wa jimbo. Bado kuna mwanya mkubwa, na mfuko wa mtaa hauulizi makaratasi.

Hata mwenye makaratasi ana mtego wake. Vyuo vingine, binti akipata ufadhili wa nje, hupunguza msaada wao wenyewe kwa kiasi kilekile. Jirani anachanga dola mia tano, chuo kinaondoa mia tano, binti anabaki palepale. Kwa hiyo kamati inakaa kwanza na kila binti kuangalia barua ya chuo chake kabla ya kuamua msaada uje kwa sura gani.

Kwa nini mabinti na si kaka zao? Hili nalo watu wa mtaa wamelibishania, maana wasichana wa Kilatino ndio wengi vyuoni kuliko wavulana. Mwenzangu alinijibu kwa mfano wa binti yake wa kwanza. Ndiye anayemtafsiria mama hospitalini, anayepokea wadogo zake shuleni, anayejaza fomu za nyumba nzima, na jioni anafanya kazi dukani. Kuingia chuo ameingia. Kumaliza ndiyo shughuli. Wewe ulikuwa mtoto wa kwanza wa kike, wifi, sina haja ya kukueleza.

Sasa wetu. Ninachotuma nyumbani sijakipunguza hata shilingi, na kaka anajua. Lakini kuna jambo sijawahi kukwambia. Mama alipofariki, mlimzika siku ileile na mimi nikiwa huku. Nilikwenda kazini kwa sababu sikujua pa kwenda. Huyu mwenzangu aliniona, akanikalisha chumba cha kubadilishia nguo, na kabla zamu haijaisha alikuwa amepita kwa wafanyakazi wote na bahasha. Nauli iliyonileta kwenye arobaini ilitoka kwa Wameksiko, Waguatemala na Wakongo. Hawakumjua mama. Ulinipokea mwenyewe pale stendi, ukadhani nimekopa. Watoto wao wakiwa na shida ya ada, mimi nisimame upande gani?

Nami nina ombi kwako. Kamati zetu za harusi hapo mtaani zinakusanya mamilioni kwa wiki chache, na waweka hazina wao wanaaminika. Kaa na mkuu wako wa shule, uniandikie orodha ya vitu, siyo majina ya watoto. Vitu tu, kimoja kimoja na bei yake: sare, godoro la bweni, madaftari, taulo za kike, nauli ya kwenda na kurudi likizo. Muulize pia yule kijana anayechora mabango karibu na soko kama anaweza kuchonga na kuchapa, na usimwombe bure. Sisi wa huku tutajaza mistari. Nikiipata orodha kabla ya Desemba, vitu vitakuwa vimelipiwa shule zikifunguliwa.

Nitumie kwa sauti ukichoka kuandika, nasikilizaga nikiwa kwenye treni.

Wifi yako,
Chicago