Samaki anayeishi na barafu mwilini

Rafiki yangu mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na natumaini wewe na wote wa hapo nyumbani hamjambo.

Uliponiuliza samaki wa Antaktika wanakaaje chini ya barafu bila kuganda, nilikujibu harakaharaka kwamba damu yao ina dawa inayozuia barafu isiingie. Jibu hilo limenisumbua tangu siku ile, kwa sababu si kweli. Barafu inaingia, na utamu wa habari unaanzia hapo.

Maji ya bahari, kwa chumvi yake, huganda yakifika kama nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Damu ya samaki wengi wa baharini haina chumvi kiasi hicho, hivyo ingeganda mapema, kabla hata ya kufika nyuzi 1 chini ya sifuri, huku bahari ikiwa bado maji. Sasa mfikirie samaki wa McMurdo Sound, mkono wa bahari huko Antaktika, ambako maji hukaa karibu na kiwango hicho cha kuganda sehemu kubwa ya mwaka, tena yana vipande vidogo vidogo vya barafu. Anavimeza akinywa. Vinagusa matamvua yake kila anapopumua.

Je, umewahi kutoa chupa ya maji kwenye friza, ukaikuta bado majimaji, kisha ukaigonga kidogo na kuona sindano nyeupe zikikimbia toka juu hadi chini mpaka chupa nzima ikawa nyeupe? Maji yale yalikuwa yamepoa vya kutosha kuganda, ila yalikosa fuwele ya kwanza ya kujipanga juu yake. Katika miaka ya 1950, mwanasayansi Per Scholander na wenzake walikuta samaki wa namna hiyo kwenye kina cha fiodi, yaani ghuba nyembamba zenye kina kirefu, za Labrador, Kanada. Walikuwa baridi kuliko kiwango cha damu yao kuganda, na bado wakiogelea wazima, maana kule chini hakuna barafu. Walipogusishwa barafu, waliganda wakafa. Nikisoma habari hiyo huwa naona sindano zile za chupani zikikimbia ndani ya mshipa wa damu.

Samaki wa McMurdo anagusana na barafu kila siku na hafi. Mwanasayansi Arthur DeVries, aliyefika huko akiwa bado kijana mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitafuta sababu ndani ya damu. Chumvi ilieleza sehemu tu. Kilichobaki kilikuwa protini zilizofungamana na sukari. Hizi haziyeyushi barafu. Zinajibandika kwenye uso wa fuwele, na barafu inabaki na nafasi finyu za kukua katikati yake. Ikijaribu kukua hapo inabinuka, na molekuli za maji hujiunga kwa shida sana na uso uliobinuka hivyo. Basi fuwele inasimama pale pale, ndogo kama ilivyoingia. Ndiyo maana kiasi kidogo cha protini kinafanya kazi ambayo ingehitaji chumvi nyingi mno.

Asili ya protini hizi ndiyo iliyoninyima usingizi. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba jeni yake katika samaki wa Antaktika ilitokana na jeni ya kimeng'enya cha kongosho, kile kinachosaidia kusaga chakula. Hadi leo kongosho ndilo linalozitengeneza kwa wingi na kuzimwaga utumboni, kule kule barafu iliyomezwa inakofikia. Na samaki aitwaye kodi wa Aktiki, upande wa pili wa dunia, ana protini zinazofanana nazo mno, ilhali jeni yake ilitokea kwingine kabisa!

Lakini kuna gharama. Protini zikishaishika fuwele, zinaizuia pia kuyeyuka kwa urahisi. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa hata maji ya kiangazi yakipanda joto kidogo, kupita kiwango ambacho barafu ingepaswa kuyeyuka, fuwele hubaki ndani ya samaki. Nyingine hukutwa kwenye bandama. Nawaza sana juu ya samaki huyo, anayekula, kutaga na kuzeeka akiwa amebeba barafu ileile.

Lile swali lako la pili, kuhusu samaki wa huko wenye damu isiyo nyekundu, sijalisahau. Nitalijibu katika barua ijayo, maana linataka nafasi yake.

Wasalimie wote.

Ni mimi rafiki yako,
Rehema