Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tumepunguza vidio, tumeongeza wawezeshaji

Wanachama wenzangu, habari za majukumu. Najua wengi mtaisoma hii mkiwa kwenye daladala kwa hiyo sitazunguka sana. Ya hela nimemwachia mweka hazina, yeye ataleta taarifa yake kamili, mimi naongelea kazi.

Kazi kubwa ya mwaka huu ilikuwa kufumua kozi zetu za mtandaoni tukazisuka upya. Mnakumbuka zilivyokuwa, unaingia unakuta pidiefu ya kurasa kibao, chini yake vidio ya saa zima mtu anakusomea slaidi ambazo na wewe unaziona, halafu kwizi, halafu cheti, kwisha habari. Ile ilikuwa semina ya ukumbini imebebwa nzima nzima ikapelekwa mtandaoni. 2020 kwenye korona dunia nzima ilifanya hivyo na sioni ubaya, dharura ni dharura, ila dharura iliisha zamani na sisi bado tulikuwa nayo tu.

Wakubwa nao yamewakuta. 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kozi ya akili bandia pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, bure, mtandaoni, wakajiandikisha watu kama 160,000, waliomaliza wakawa elfu ishirini na kidogo tu, na hiyo ilishangiliwa kweli kweli. Kozi nyingi za aina hiyo zilizofuata, anayemaliza ni mmoja kati ya kumi au hata chini ya hapo. Sasa kuna watu wanasema watu wazima wavivu, jamani! Mtu amefunga kibanda saa tatu usiku, watoto hawajala, bando linaisha saa sita, ndo unampa vidio ya dakika 60? Mtafiti Philip Guo na wenzake 2014 walichambua mara milioni 6.9 ambazo watu waliangalia vidio kwenye kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona ukishavuka dakika 6 hivi watu wanakukimbia. Ndio maana za kwetu sasa ni fupi, na nyingi tumezifanya sauti tupu, unapakua mara moja unasikiliza hata kama huna bando.

Ila ufupi peke yake hausaidii, na hapa ndipo tulipobishana sana kwenye kamati. Somo la dakika nne linaloanza na "maana ya mtaji" linachosha vilevile. Malcolm Knowles, mtaalamu wa elimu ya watu wazima, alishasema tangu 1970 kwamba mtu mzima anakuja na uzoefu wake na anataka kujua hiki kitu kitamsaidia nini. Kwa hiyo kozi ya hesabu za biashara ndogo sasa inaanza na daftari la madeni, mteja kakopa unga tangu mwezi jana, leo kalipa nusu na kakopa tena mafuta, unaandikaje? Mwanafunzi anajibu kwa voisi kwanza, ya mwezeshaji inakuja baadaye. Mama aliyeuza nyanya miaka yote hiyo anajua faida ni nini kuliko aliyeandika moduli, tumpe nafasi aseme.

Kuna wanachama walitaka tununue mfumo mkubwa wenye pointi na nyota na vikombe. Kamati imekataa na mimi nilikuwa mstari wa mbele kukataa. Hela imeenda kwa wawezeshaji, kila kundi la wasap lina mtu wake anayejulikana, ukipotea anakupigia. Wazee wetu hapa Tanzania walilijua hili bila intaneti. Kampeni ya elimu ya afya ya Mtu ni Afya 1973, watu kama milioni 2 walijifunza kwa redio, lakini redio haikuachwa peke yake, kulikuwa na vikundi na viongozi wa vikundi takribani 75,000 waliopewa mafunzo, watu wakisikiliza wanajadili halafu wanaenda kuchimba choo. Gawanya mwenyewe uone kila kiongozi alikuwa na watu wangapi, halafu angalia makundi yetu yenye watu mia mbili na mwezeshaji mmoja.

Akili bandia tumeanza kuitumia kutunga maswali ya kwizi, inaokoa muda, ila Kiswahili chake muda mwingine ni cha barua ya serikali, kwa hiyo hakuna swali linalotoka kabla mtu hajalipitia.

Kilichobaki kigumu ni simu ya familia. Wanawake wengi wanasomea simu ya mume au ya mtoto, mwenye simu akitoka asubuhi somo limeondoka naye. Mifumo karibu yote imetengenezwa kwa kudhani kila mtu ana simu yake na akaunti yake. Tunataka kujaribu vikundi vya jirani, simu moja, watu watano, kwizi moja ya pamoja, lakini tunahitaji wanachama wa kujitolea mtaani kwao. Aliye tayari amwandikie katibu kabla ya mkutano mkuu, aseme yuko mtaa gani na anapatikana jioni zipi. Na ada jamani, wengine mnadaiwa tangu mwaka juzi.