Kwa mdogo wangu, kuhusu milipuko ya jua

Göttingen, Ujerumani

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hamjambo wote hapo Tukuyu. Baba na mama wape shikamoo zangu.

Umeuliza milipuko ya jua inapata wapi nguvu. Inatoka kwenye sumaku. Jua ni gesi yenye umeme na halizunguki kwa mwendo mmoja: ikweta yake humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, karibu na ncha ni kama siku 35. Gesi na mistari ya sumaku vimeshikana, kwa hiyo ikweta ikitangulia huivuta mistari hiyo na kuizungushia jua. Ikikazwa sana, mafungu yake huibuka juu, nasi tunaona madoa meusi. Sumaku pale huzuia joto la chini kupanda, ndiyo maana doa lina nyuzi 3,500 hivi za Sentigredi na uso wa jirani 5,500.

Juu ya madoa mistari husimama kama matao. Gesi inaposukumasukuma miguu yake, matao husokoteka na nguvu hulimbikizana kwa saa au siku kadhaa, kama mpira wa manati unaovutwa. Mwishowe mistari yenye mielekeo inayopingana hukutana, hukatika na kuungana upya katika umbo lililolegea. Nguvu iliyozidi hutoka hapo: kwa dakika chache gesi hupita nyuzi milioni 10.

Wengi huogopa ukubwa wa doa. Mimi hutazama mpangilio kwanza. Doa kubwa la mviringo laweza kuvuka uso wa jua kimya kabisa. La kuchunga ni kundi ambalo kaskazini na kusini za sumaku zimesongamana. Kundi la Mei 2024 lilikuwa hivyo, tena kubwa, na dhoruba ya sumaku iliyoileta duniani ilivuruga GPS (vipimo vya mahali kwa setilaiti) za matrekta huko Marekani msimu wa kupanda.

Eksirei za mlipuko hufika duniani kwa dakika 8, wingu la gesi, kama mlipuko umelirusha huku, kwa siku 1 hadi 3. Mwambie mjomba, miaka ya madoa mengi, hasa Machi na Septemba, vipimo vya GPS vya viwanja asivichukue jua likishazama. Anga la juu la huko kwenu, ambamo mawimbi ya GPS hupita, huchafuka saa hizo hata bila mlipuko. Arudie asubuhi.

Ukitaka kuyaona madoa, ziba jicho moja la darubini, lielekeze jingine juani na uangushie mwanga kwenye karatasi nyeupe. Usichungulie kamwe, utapofuka. Chora kila siku saa ileile. Doa huvuka kwa siku 13 hivi.

Nitumie michoro.

Dada yako