Mkisemana bungeni, semaneni kwa ufundi

Mhariri,

Bunge la bajeti likianza Aprili, redio ya kibandani kwangu hapa Majengo haizimwi mpaka Juni. Nashona huku nasikiliza. Waheshimiwa kusemana hakuniudhi hata kidogo. Kinachoniudhi ni kusemana bila ufundi. Huyu anamwambia mwenzake hana akili, yule anajibu kwamba wewe hukusoma. Kiti kinaagiza futa kauli, kauli inafutwa, meza zinapigwa, na hoja imebaki palepale haijaguswa.

Mimi ni Mgogo niliyeolewa Uheheni, kwa watani zetu, kwa hiyo kusemwa nakujua. Mashemeji zangu wananiita ombaomba tangu siku ya mahari, nami kila nikienda kwao huuliza kwanza mbwa wa jirani yuko wapi. Tulipomzika baba mkwe, dada yangu, kwa haki ya mtani, alishuka kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka alipwe. Eti alivyomjua marehemu kwa ubahili, akitoka bila hela ndiyo basi tena. Wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka, wakachanga. Ubahili wa yule mzee nani hakuujua?

Wazungu nao wana wataalamu wao. Mwanangu anayesoma UDOM alinisimulia kwamba mwaka 1978, katika Bunge la Uingereza, Geoffrey Howe wa upinzani alimshambulia waziri wa fedha, Denis Healey. Healey akajibu kuwa ni kama kuvamiwa na kondoo aliyekufa. Hakugusa sura ya mtu wala mke wake; aligusa ule usemaji wa taratibu ambao ukumbi mzima ulikuwa umetoka kuusikia. (Kondoo mwenyewe alikuja kuuma: Novemba 1990 Howe alijiuzulu, na hotuba yake ya kuaga, kwa upole uleule, ikachangia kumwangusha Margaret Thatcher.)

Kijembe hupimwa mwilini kama suti. "Hana akili" ni mtumba, unamkaa yeyote.

Kanuni za Bunge zinakataza lugha ya kuudhi, na mimi sitaki zilegezwe. Lakini mbunge akimcheka mwenzake kwa ufupi wake, najiuliza kimo kimeingiaje kwenye bajeti ya maji. Si angemuuliza vile visima alivyoahidi wakati wa kampeni vinachimbwa kwa kijiko? Tungecheka, na safari hii mwenye visima angelazimika kusimama ajibu.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma