Mjomba, Huku Kweli ni Unyamwezini

Mjomba, shikamoo.

Swali lako la wiki iliyopita nililijibu vibaya. Uliniuliza, "Hapo kwa Ali pakoje?" yaani mji wa bondia Muhammad Ali, nami nikakujibu pana baridi, kisha salio likaisha. Basi nakuandikia, na naiacha barua wazi, maana najua kuna wajomba wengi kambi ya Nyarugusu, Bujumbura na Uvira wenye ndugu hapa Louisville, Kentucky, Marekani, nao hujibiwa hivyohivyo.

Tuanze na jina. Linaandikwa Louisville, lakini wenyeji hulimeza katikati, unasikia "Luvol" tu. Ni la Louis wa 16, mfalme wa Ufaransa aliyewasaidia Wamarekani kupigana na Waingereza. Mji ulipewa jina lake mwaka 1780. Mwaka 1793 Wafaransa wenyewe wakamkata kichwa. Huku jina likabaki.

Unakumbuka vijana wa Bongo pale kambini walivyokuwa wakiita Marekani "Unyamwezini", nawe ukiwakemea kwamba wanaharibu lugha? Mjomba, kwa mji huu wamepatia. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi, na huu ni mji wa wapagazi. Mto Ohio una urefu wa zaidi ya kilomita 1,500 hadi unapoingia Mississippi, na maporomoko yake ya asili yako mahali pamoja tu: hapa. Usifikirie maji yanayonguruma. Ni mawe, na mto unashuka kama mita 8 hivi katika mwendo wa kilomita tatu na kitu. Kwa mashua yenye shehena, hayo yalitosha. Maji yakiwa machache ilibidi itie nanga juu, mzigo ushushwe, ubebwe kwa mikokoteni na mabega hadi chini ya mawe, upakiwe tena. Anayesubiri mzigo anataka chakula, kitanda, pombe na mtu wa kumbebea. Louisville ilizaliwa hapo. Walowezi waliokuja na George Rogers Clark mwaka 1778 walianzia kisiwani, wakapanda mahindi, pakaitwa Kisiwa cha Mahindi. Sasa kimeshaliwa na mto. Mwaka 1830 ukafunguliwa mfereji wa kuyakwepa mawe, na ungedhani mji utakufa njaa. Ulikua. Reli zilipokuja nazo zikapita hapa.

Mzigo mwingine ulikuwa watu. Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa. Ng'ambo ya mto, Indiana, utumwa ulipigwa marufuku. Mto una upana wa kilomita moja na kitu, ukisimama ukingoni unaona paa za upande wa pili. Watu walinunuliwa katika mji huu, wakatiwa pingu, wakapakiwa kwenye meli za kushuka kusini kwenye mashamba ya pamba, huku ng'ambo wanaiona kwa macho. Wewe uliyekwenda Ujiji mara nyingi, mengine unayajua. Pale mtoni kuna sanamu ya York, mtumwa wa William Clark, mdogo wake yule George. York alikwenda na msafara wa bwana wake hadi Bahari ya Pasifiki na kurudi, 1803 hadi 1806, akabeba, akawinda, akahesabiwa kama mwanamume mwingine yeyote porini. Waliporudi akaomba uhuru wake. Clark akamnyima kwa miaka mingi. Mimi nikipita pale huwa nasimama kidogo.

Sasa Ali. Uliniomba picha ya kasri lake. Mjomba, hakuna kasri. Kuna kijumba cha mbao mtaa wa Grand Avenue, kimepakwa rangi ya waridi, kina kibaraza na ngazi chache za kukifikia. Hapo ndipo alipokulia Ali, enzi hizo akiitwa Cassius Clay, mtoto wa fundi wa kuchora mabango. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12, waliiba baiskeli yake mpya, akaenda kushtaki kwa polisi mmoja, Joe Martin, akiapa kwamba atampiga mwizi. Martin alikuwa akifundisha ndondi kwenye chumba cha chini cha jengo lilelile. Akamwambia ajifunze kupigana kwanza. Miaka 20 baadaye wewe ukawa mtoto mdogo Uvira, saa kumi na moja alfajiri, sikio kwenye redio ya babu, Foreman anaangushwa na Ali Kinshasa. Mwizi wa baiskeli hajulikani hadi leo, nami naona anatudai shukrani.

Kile kijumba kiko upande wa magharibi, na hilo si jambo dogo. Mwaka 1914 mji ulitunga sheria ya kumzuia Mweusi kuhamia mtaa wenye Wazungu wengi, na Mzungu vilevile kwa Weusi. Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta mwaka 1917. Sheria ilikufa, mpaka ukabaki. Leo watu wanautaja kwa jina la barabara tu, "ya Tisa". Ukivuka Barabara ya 9 kuelekea magharibi, maduka yanapungua na madirisha yaliyozibwa kwa mbao yanaongezeka. Mafuriko ya Januari 1937 nayo yalifunika zaidi ya nusu ya mji. Maji yalipokauka, wengi wenye uwezo walikwenda kujenga mashariki, palipoinuka.

Farasi nitakueleza siku nyingine. Jua tu kwamba Derby ya kwanza, yaani yale mashindano makubwa ya mbio za farasi ya hapa, ilikuwa 1875, kati ya wapanda farasi 15 waliokimbia 13 walikuwa Weusi, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Baada ya 1902 hajashinda Mweusi mwingine. Siku hizi wanazungumzia kofia za akina mama.

Ali alipozikwa, Juni 2016, sisi tulikuwa na miezi minane tu hapa. Msafara ulipita Grand Avenue na watu wakarusha maua juu ya gari. Mama naye alirusha ua, alilolichuma kwenye bustani ya jirani bila kuomba. Uwanja wa ndege sasa una jina la Ali, na hapohapo ndipo ninapofanya kazi, kwenye kituo cha mizigo cha UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mitambo yake inaweza kuchambua hata vifurushi 400,000 kwa saa. Zamu yangu ni ya usiku. Kwenye saa tano nikishuka kwenye gari huwa natazama juu kwanza: ndege zimejipanga gizani, taa nyuma ya taa, kama karabai za wavuvi wa dagaa tulizokuwa tukizihesabu Kigoma. Zinashuka, tunapakua, tunachambua, tunapakia, na alfajiri zimeshaondoka. Kwenye mkanda wetu tuko Wakongo wanne na Mrundi mmoja, tunapigiana kelele kwa Kiswahili. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi.

Picha ya nyumba nimeituma leo asubuhi. Huyo wa kwenye ngazi mwenye koti jeusi ni dada yako. Nilimwambia atabasamu, akasema Ali mwenyewe kwenye picha alikuwa ananuna, kwa nini yeye acheke.