Insha ya Utengano: Jumamosi njooni na dai

Assalaam aleikum wenzangu. Jumamosi saa nne asubuhi tukutane Mji wa Kale, baraza ileile. Kila mtu aje na dai la insha yake kuhusu riwaya ya Utengano, yaani hoja atakayoitetea, sentensi moja tu, na tafadhali lisiwe muhtasari. Kusema kwamba Maimuna alifungiwa ndani na babake, Maksuudi, si dai, maana hakuna wa kulipinga. Lakini ukisema kuta za Maksuudi, zilizojengwa kumlinda bintiye, ndizo zilizomfikisha kwa Mama Jeni, mwenye danguro, akiwa haijui dunia, hapo una jambo la kutetea, nami nitakubishia hasa.

Ukishapata dai, rudi kitabuni na penseli. Tia alama kila mlango au ukuta unapotajwa. Dondoo tatu fupi zatosha, ila baada ya kila moja eleza neno gani limebeba uzito na kwa nini mwandishi, Said Ahmed Mohamed, alilichagua. Hapo ndipo tulipopoteza alama mara iliyopita, na iliniuma.

Utangulizi tutauandika mwisho. Wawili wetu hawana kitabu. Mwenye nakala ya ziada aje nayo.